Karani Aliyeweza Kusema Hapana

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu, huwajibu kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu nimeandika sera za chama cha akiba na mikopo. Hutikisa kichwa kwa adabu, husubiri kidogo, kisha huuliza: "Sawa mzee, na kazi yenyewe?" Siwalaumu. Hata mke wangu, mwanachama wa chama hicho hicho na aliyekopa humo mara nyingi kuliko mimi, aliamini kwa muda mrefu kwamba meneja ni yule anayetia saini hundi, na sera ni karatasi za kumridhisha afisa ushirika anapokuja kukagua.

Chama chetu kilikuwa cha watumishi wa wilaya moja kandokando ya Ziwa Victoria: walimu wa shule za msingi wengi wao, kisha wauguzi, mabwana shamba, madereva na makarani wa mahakama. Jina lake sitalitaja. Baadhi ya wahusika wa habari hizi wako hai, na bado tunakutana misibani.

Ushirika niliuona kabla sijaujua. Baba alilima pamba, na alipenda kutusimulia habari za mwanzo wa miaka ya 1950, wakati wakulima wa Usukumani walipochoshwa na mizani ya wanunuzi wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Mpimaji hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa kijana tu anayejua namba, anasimama kando ya mizani ya mnunuzi, anaandika uzito aliouona kwa macho yake. Katika harakati hizo ndimo vyama vya msingi vilimozaliwa, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioongozwa na Paul Bomani. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu, pamba ikanunuliwa na mamlaka ya zao, na baba akaendelea kulima ila hakuwa tena na kikao cha kwenda. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Baba alisema vimerudi na ofisi kabla ya kurudi na wanachama, na maneno hayo sikuyaelewa mpaka nilipoketi mwenyewe ofisini.

Nilisoma Moshi, Chuo cha Ushirika, kile kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria mpya ya ushirika ya 1991 ilikuwa bado mbichi hata kwa walimu wetu. Tulifundishwa wafumaji wa Rochdale wa mwaka 1844, tukafundishwa Raiffeisen na wakulima wake wa Ujerumani, tukapigishwa mizania hadi usiku. Uandaaji wa sera ulikuwa somo dogo lililobanwa kati ya uhasibu na sheria. Nililipita kwa kukariri.

Nilipoajiriwa, mhasibu msaidizi, niliomba kuiona sera ya mikopo. Mwenyekiti alifungua kabati la chuma akatoa karatasi chache zilizobanwa kwa pini yenye kutu. Zilikuwa zimenakiliwa kutoka chama cha wafanyakazi wa kiwanda fulani mjini. Jina la chama kile lilikuwa limefutwa kwa wino mweupe, ingawa si kila mahali. Kifungu kimoja kilieleza kwa kirefu namna ya kuwakopesha wafanyakazi wa zamu ya usiku. Kwetu aliyefanya kazi usiku alikuwa mlinzi wa ofisi peke yake, naye hakuwa mwanachama.

Mikopo yenyewe haikufuata karatasi zile wala nyinginezo. Ilifuata vimemo. Mwanachama anafika na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, ndani yake mstari mmoja: mletaji ni mtu wetu, msaidie. Kamati ya mikopo ilikutana mwisho wa mwezi kuidhinisha mikopo ambayo hundi zake zilikwisha kutoka. Na kwenye mkutano mkuu, maamuzi mazito yalipitishwa kwenye mengineyo, jua limeshageuka, watu wameanza kusikia harufu ya pilau na macho yao yako mlangoni.

Hawa hawakuwa wezi. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa huruma nyingi, na kwa nafsi yake hakuwahi kuchukua hata senti asiyostahili. Ila huruma yake ilimfikia yule aliyeweza kumfikia yeye. Mwalimu wa shule ya ng'ambo ya mto, anayekuja mjini siku ya mshahara na kurudi na lori la jioni, hakuwa na wa kumwandikia kimemo. Akiba yake ndiyo iliyokuwa inakopeshwa.

Kwa asiyeyajua mambo yetu, nieleze kidogo. Juu kabisa ipo sheria na kanuni zake. Chini yake yapo masharti ya chama, ambayo Mrajis wa Vyama vya Ushirika huyasajili na ambayo huwezi kuyagusa bila mkutano mkuu na saini yake. Chini ya masharti ndipo sera zinapokaa, na chini ya sera zipo taratibu: fomu gani ijazwe, nani agonge mhuri, jalada lilale wapi. Masharti yanasema chama kitakopesha wanachama wake. Sera ndiyo inayosema nani, kiasi gani, kwa dhamana gani, na nani haruhusiwi kuketi wakati shauri lake linakatwa. Vyama vingi nilivyovitembelea vina masharti mazuri na fomu za kutosha, katikati hamna kitu. Vimemo hupita hapo katikati.

Nilipokuwa meneja, bodi ilinitaka niandike sera mpya, na mjumbe mmoja aliyekuwa na ndugu Dar es Salaam alijitolea kutuletea nakala ya chama kikubwa cha huko. Niliomba tusiipokee kwanza. Nikawaomba wajumbe wawili wa kamati ya mikopo wabaki na mimi jioni, tukatoa majalada yote ya mikopo iliyokwama, tukayatandaza mezani na mengine sakafuni, na kwenye kila moja tukaandika kwa penseli kwa nini halikulipwa.

Kila mtu ofisini alikuwa na hadithi yake kuhusu wasiolipa. Iliyosikika zaidi ni kwamba wanaotuangusha ni watumishi wa mishahara midogo, kwa hiyo dawa ni kupandisha kiwango cha akiba ili wakopaji wawe wale wenye uwezo. Majalada yalikataa. Mhudumu wa zahanati alikuwa analipa, maana marejesho yake yalikatwa kwenye mshahara kabla hajaushika. Waliokwama walikuwa wa aina nyingine. Kundi kubwa lilikuwa la waliohamishwa: mtu akienda wilaya nyingine jina lake lilihamia orodha ya mwajiri mpya, makato yakabaki njiani, na sisi tulijua miezi mingi baadaye. Walifuata waliostaafu wakiwa na mkopo mbichi. Kisha wale ambao mshahara ulikuwa umekwisha kugawanywa kati yetu, benki na duka la samani, hata hati ya mshahara ikisomeka kama orodha ya wadai.

La mwisho ndilo lililotuduwaza. Kulikuwa na duara za wadhamini. Watu watano wa kituo kimoja wamedhaminiana wote, akiba ya kila mmoja ikiwa dhamana ya wanne wengine. Kwenye kila fomu dhamana ilionekana imetosha. Ukiyaweka majalada yote matano pamoja, unaona kwamba akiba ile ile imehesabiwa mara nne. Hakuna kosa lililofanyika, kwa sababu hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba ni kosa.

Kila rundo la majalada likazaa kifungu. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba, jambo ambalo tulikuwa tunalisema siku zote bila kulitenda. Mdhamini asidhamini zaidi ya wawili, na asidhaminiwe na aliyemdhamini. Akiba ya mdhamini ifungwe mpaka deni lishuke chini yake. Anayebakiza muda mfupi kustaafu, marejesho yake yaishe kabla ya mshahara wake wa mwisho. Anayepata uhamisho aje na barua yake kwetu kabla ya kufunga mizigo. Na baada ya makato yote mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kama utaratibu wa serikali unavyotaka, utaratibu ambao kila mtu aliujua na kila mtu alikuwa na sababu ya kuuruka.

Rasimu hiyo tuliipeleka matawini. Tuliisoma kwa sauti shuleni baada ya vipindi, kwenye ubao wa matangazo wa hospitali, chini ya mwembe wa ofisi ya kilimo. Nawashauri wenzangu wasiwahi kusoma rasimu mbele ya walimu wa Kiswahili kama wana haraka: kwenye tawi moja tulitumia saa nzima tukibishana kama ni mdhaminiwa au mdhaminiwaji, na kifungu chenyewe kikapita kwa dakika mbili. Lakini yalitoka humo mambo ambayo bodi isingeyajua. Muuguzi mmoja aliuliza: mimi nimedhamini, mkopaji amefariki, nalipa mimi? Kimya. Hatukuwa tumeliandika. Kutokana na swali lake ukaanzishwa mfuko wa kulinda mikopo, kila mkopaji akichangia kidogo anapochukua mkopo, ili deni la marehemu lisiangukie mdhamini wala mjane. Hicho ndicho kifungu kilichopigiwa makofi.

Kifungu kilichopigiwa kelele kilihusu mikopo ya wajumbe wa bodi na watumishi wa chama. Tulipendekeza iamuliwe kwenye kikao ambacho muombaji hayumo, isiwe na masharti nafuu kuliko ya mwanachama mwingine, na kiasi chake pamoja na hali ya marejesho visomwe kwenye mkutano mkuu kwa jina. Mjumbe mmoja alisema hiyo ni kuwavua watu nguo hadharani. Mwingine, kwa utulivu wa kutisha, aliniuliza kama ajira yangu ni ya mkataba au ya kudumu. Rasimu ililala kwa muda mrefu kwa sababu ya kifungu hicho peke yake. Aliyeiamsha ni mwenyekiti, yule yule wa vimemo. Alisimama kikaoni akasema: "Mimi nimechoka kusumbuliwa nyumbani. Watu wanakuja na kuku usiku. Pitisheni hii karatasi nipate kulala." Ikapita, kisha mkutano mkuu ukaipitisha.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lililofanya kazi yote ile iwe na maana.

Karani wetu wa mikopo wakati huo alikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne, mpole, sauti yake haivuki meza. Siku moja akaingia mkubwa mmoja wa idara, mwanachama wetu, na fomu ya mkopo wa kumalizia nyumba. Nilikuwa chumba cha ndani, mlango wazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Meneja yupo?"

"Yupo, baba. Ila fomu inaanzia kwangu."

Akaipokea, akachukua hati ya mshahara, akapiga hesabu, akairudia.

"Baba, tukiweka marejesho ya mkopo huu juu ya makato uliyonayo, unabaki chini ya theluthi."

"Mwanangu, hiyo theluthi ni ya hawa wenye mishahara ya kawaida. Mimi nina posho."

"Posho haihesabiwi, baba. Kifungu cha tisa." Akakigeuza kijitabu upande wa mgeni ili akisome mwenyewe.

"Wewe unanifahamu mimi ni nani?"

"Nakufahamu, baba. Siku tulipokipitisha kifungu hiki ulikuwepo, ulikaa mstari wa mbele."

Nilikuwa nimeshainuka kitini. Nikasikia mzee anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekutwa. Akaomba kalamu, akapunguza kiasi alichoomba hapo hapo mezani, akaandika upya, akaaga. Nikakaa tena.

Binti yule hakuwa jasiri. Barabarani angempisha mzee yule na kushusha macho. Ila pale mezani ujasiri haukuhitajika, kwa sababu hapana haikuwa yake. Ilikuwa ya mkutano mkuu, na yeye aliisoma tu, kama yule kijana wa pamba aliyesoma mizani bila kuuliza pamba ni ya nani. Nimesoma vitabu vya menejimenti vinavyosema sera huleta ufanisi, uwazi na uthabiti. Huenda. Nilichokiona mimi ni kwamba sera humwezesha mdogo kumkatalia mkubwa bila kumvunjia heshima, na kwa watu tunaoanza kila jambo kwa shikamoo, hilo si dogo. Tangu siku ile kila rasimu iliyopita mikononi mwangu niliipima kwa swali moja: karani ataweza kuisoma mbele ya mkubwa wake? Kama kifungu kilisema "isipokuwa pale uongozi utakapoona inafaa", nilikifuta. Maneno hayo humrudishia karani mzigo wote.

Mkakati ni habari nyingine, na nakiri sikuupenda upesi kama nilivyopenda sera.

Mwaka 2006 serikali ilipotangaza mikopo ya uwezeshaji, bilioni 1 kwa kila mkoa, fedha ambazo mitaani ziliitwa mabilioni ya JK, yaani ya Rais Jakaya Kikwete, SACCOS, vyama vya akiba na mikopo kama chetu, ziliota kila pembe. Watu waliojiandikisha asubuhi waliuliza jioni fedha zinafika lini. Chama chetu hakikuhitaji kuota, kilikuwepo, lakini upepo ule ulitufikia. Wajumbe wa bodi walitaka tufungue milango kwa wafanyabiashara wa sokoni na wavuvi ili tuonekane wakubwa, tupate kukopa kwingi na kukopesha kwingi. Hoja haikuwa ya kijinga. Mvuvi anahitaji mkopo kuliko mwalimu. Ila sera zetu zote ziliegemea makato ya mshahara, na mvuvi hana hati ya mshahara. Kumwingiza kungetaka sera nyingine ya dhamana, karani mwingine wa kwenda mwaloni, na hesabu nyingine ya kuchelewa, kwa sababu ziwa lina miezi yake. Tulipouliza nani atafanya kazi hiyo, ukimya ukaingia. Tukabaki na watumishi. Wapo wanaosema hadi leo tulikuwa waoga. Mimi nasema tulichagua, na mkakati ambao haukatai chochote ni orodha ya matamanio.

Orodha ya namna hiyo tuliwahi kuiandika, na kwa gharama. Bodi iliajiri mshauri, tukakaa kwenye hoteli ya ufukweni, tukagawiwa kalamu na mabegi. Tukaandika dira, dhamira, maadili ya msingi. Tukagawanywa makundi kuorodhesha uwezo, udhaifu, fursa na vikwazo kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani. Dira ikatoka: kuwa chama bora cha akiba na mikopo Afrika Mashariki. Chini yake mradi mkuu: jengo la ghorofa la kitega uchumi, maduka chini, ukumbi wa harusi juu. Mchoro ulikuwa na magari na miti ya mapambo. Mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyekuwa kwenye kamati ya usimamizi, akanyoosha mkono. "Huo ubora tutaujuaje? Kwetu hospitali mgonjwa hapimwi kwa macho." Mshauri akatabasamu, akasema ni swali zuri, akaita chai.

Swali la mama yule nililijibu baadaye, nilipohudhuria mafunzo na kukutana na PEARLS, vipimo ambavyo Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo, WOCCU, lilivikuza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kazi yake kule Guatemala. Vinamfaa mtu asiyependa maneno mengi. Mikopo iliyocheleweshwa isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Mtaji wa taasisi, yaani ule usio wa mwanachama yeyote na unaobaki hata wote wakiondoka, usipungue asilimia 10 ya mali zote. Mikopo iwe kati ya asilimia 70 na 80 ya mali, maana chama cha mikopo kinachoweka fedha zake kwenye matofali kimesahau kazi yake. Na mali zisizozalisha, majengo na samani na magari, zisizidi asilimia 5.

Nilizipiga hesabu zetu kwa vipimo hivyo, nikazipeleka kwenye bodi bila maelezo mengi. Ghorofa lilikuwa halijachimbwa msingi, lakini ukiliweka kwenye hesabu lilikuwa linakula karibu kila shilingi ambayo wanachama walikuwa wanaisubiri kwenye foleni ya mikopo. Mchoro ukakunjwa. Mpango mkakati uliofuata ulienea kwenye karatasi moja: vipimo hivyo vichache, tulipo, tunapotaka kufika mwaka hadi mwaka, na jina la anayehusika. Mwenyekiti mpya aliona aibu kuupeleka kwa wageni kwa wembamba wake. Nilimwambia aubandike ukutani, akaubandika. Kila robo mwaka tuliandika namba mpya pembeni, na ikipanda mikopo chechefu, jina lilikuwa pale pale.

Kuna jambo vipimo havikutuonyesha. Mikopo yetu ilikuwa inalipwa vizuri, wanachama hawatoroki, na bado walimu walikuwa wanazidi kuchoka. Tulipoanza kuuliza, tukasikia habari za wakopeshaji wa mtaani, wale ambao sasa huitwa kausha damu. Mwalimu anapatwa na msiba Alhamisi. Kamati yetu inakaa mwisho wa mwezi. Mkopeshaji wa mtaani yupo pale pale nyuma ya stendi, anatoa fedha kwa dakika kumi, na dhamana yake ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara anakwenda yeye kwenye mashine. Tulikuwa na wanachama wenye akiba kwetu ambao kadi zao zililala kwenye droo ya mtu mwingine.

Mkakati wetu bora ulitokana na watu hao, yaani wale ambao hawakuja. Tuliandika upya sera ya mkopo wa dharura: kiasi kisichozidi mshahara wa mwezi mmoja, uamuzi wa meneja bila kungoja kamati, fedha itoke siku hiyo hiyo, kamati ione orodha kikao kinachofuata. Mkaguzi aliuliza maswali, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu tulikuwa tunampa mtu mmoja madaraka ambayo kwa miaka tumekuwa tukiyanyang'anya. Jibu lilikuwa kwenye sera yenyewe: kiwango kimefungwa, sababu zimetajwa, msiba, ugonjwa, ada, na meneja haruhusiwi kujipa mkopo huo. Baadaye tukaongeza mkopo wa kukomboa kadi. Mwanachama hakupewa fedha mkononi. Karani aliongozana naye hadi kwa mkopeshaji, deni likalipwa, kadi ikarudi. Kuna wakopeshaji waliotuchukia kwa hilo, na mmoja alikuja ofisini kulalamika kwamba tunamharibia biashara. Tulimkaribisha chai.

Miaka yangu ya mwisho kazini ilikuwa ya leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliweka SACCOS kwenye daraja la tatu, na kwa kanuni za 2019 kila chama kikatakiwa kuomba leseni kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyokasimiwa kazi hiyo na Benki Kuu ya Tanzania. Ni hatua niliyoiunga mkono na bado naiunga mkono. Vyama vya mfukoni vilipungua. Ila sera zilipokuwa sharti la leseni, soko likafunguka. Kwenye maduka ya kuchapa nyaraka unapewa seti nzima kwenye flashi: sera ya mikopo, ya akiba, ya watumishi, ya uwekezaji, ya ununuzi, unabadilisha jina la chama tu. Meneja mmoja kijana aliniletea ya kwake niitazame. Ilikuwa nadhifu, kurasa nyingi, lugha ya kisheria. Nikamwuliza kifungu cha wanaohamishwa kinasemaje. Akatafuta, akatafuta. Kisha akakuta kifungu kinachohusu wakulima wa korosho. Chama chake ni cha watumishi wa hospitali, na kutoka kwao hadi kwenye mkorosho wa kwanza ni safari ya kulala njiani.

Sikumcheka, maana mimi nilianzia kwenye zamu ya usiku. Nilimwambia arudi kwenye majalada yake.

Na wewe uliyechaguliwa kwenye bodi mwaka huu, nakuomba hilo hilo. Kabla hujaidhinisha malipo ya mshauri au ya seti ya dukani, ketini jioni na meneja wenu, mtoe majalada ya mikopo iliyokwama, mwandike kwa penseli kwa nini kila moja limekwama. Rasimu itakayotoka humo mpeni karani aisome kwa sauti mbele yenu, na mahali atakaposita, andikeni upya. Kisha ipelekeni mkutano mkuu ikiwa ajenda kamili, asubuhi, watu wakiwa bado macho. Msiipitishe kwenye mengineyo.